Mfuko wa Vyombo vya Baisikeli

1. Safari ya Mhudumu wa Afya

Barabara itokayo mjini Bukoba kwenda Muleba ina urefu wa zaidi ya kilomita 60. Hupita Kemondo penye bandari, kisha hufika Muhutwe, na kutoka hapo huendelea kusini hata Muleba. Siku hizi barabara hiyo kuu ina lami, na magari na pikipiki hupita juu yake mbio. Lakini mtu akiiacha lami na kushika njia za kando, huona nchi ya namna nyingine. Huko kuna njia za changarawe na udongo, miinuko mikali yenye mawe, mabonde yenye majimaji, na vijiji vilivyojificha ndani ya migomba na mibuni. Pale Muhutwe, kwa mfano, iko njia ipandayo kwenda Kamachumu. Apandaye kwa baisikeli, hata akiwa na nguvu za fahali, mara nyingi hushuka na kuisukuma.

Katika njia hizo za kando baisikeli haijaacha kazi yake. Hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa, madumu ya maji, na watoto waendao shule. Wala mahali pa mafundi si karibu. Baisikeli ikiharibika kati ya kijiji na kijiji, fundi ni yule yule aliyeipanda, na karakana yake ni mfuko alioufunga chini ya kiti.

Siku moja mhudumu wa afya, kijana wa miaka ishirini na mitano, alitoka katika zahanati moja ya wilaya ya Muleba asubuhi na mapema. Nyuma ya baisikeli yake alikuwa amefunga sanduku la baridi, na ndani yake mlikuwa na chanjo za watoto pamoja na barafu. Chanjo nyingi za watoto zataka baridi ya nyuzi 2 hata 8 za sentigredi. Zikipata joto kwa muda mrefu huharibika, na mtu hawezi kuujua uharibifu huo kwa kuzitazama tu. Katika kijiji cha mlimani akina mama walikuwa wamekwisha kupewa habari, nao walingoja tangu saa tatu chini ya mti, watoto wao migongoni. Wengine walikuwa wametembea kutoka ng'ambo ya bonde.

Baisikeli ya kijana huyu ilikuwa ya namna ile ijulikanayo na watu wote, nzito, nyeusi, yenye magurudumu makubwa na breki za vyuma virefu. Mfukoni mwake alikuwa na chombo kipya alichokinunua dukani mwezi ule. Kilikuwa kidogo, kipatacho kutosha katika kiganja cha mkono, nacho kiling'aa kama fedha. Vyuma vyake vilikunjwa ndani kama visu vya kukunja: bisibisi mbili, funguo nyingi za pembe sita, na kidude cha kutolea pini za mnyororo. Mwenye duka alimwambia, "Hapa pana vyombo kumi na saba katika kimoja." Kijana akaifurahia hesabu ile, akalipa fedha, akakitia mfukoni. Lakini hakukijaribu hata siku moja.

Basi, alipokuwa akipanda mwinuko wa pili, alisimama juu ya pedali ili aongeze nguvu. Mara alisikia sauti ya chuma ikilia, na baisikeli ikakataa kwenda. Akashuka, akatazama. Nati ya gurudumu la nyuma, ile ya upande wa mnyororo, ilikuwa imelegea. Mnyororo ulikuwa umelivuta gurudumu mbele kwa upande mmoja, nalo likakaa mshazari, hata tairi likagusa chuma cha upande wa pili na kukwama. Mnyororo wenyewe ukalegea na kuanguka.

Kijana hakuogopa. Akatoa chombo chake kipya, akakikunjua. Akajaribu ufunguo wa kwanza, haukufaa. Akajaribu wa pili, haukufaa. Funguo zile zote zilitengenezwa kuingia ndani ya tundu la parafujo. Bali nati ya baisikeli yake ilikuwa na pembe zake kwa nje, nayo ilitaka spana ya kuishika kwa nje. Vyombo kumi na saba vilikuwa mkononi mwake, wala hapakuwa hata kimoja cha kuigeuza nati ile moja. Akajaribu kuikaza kwa vidole. Akaligonga gurudumu kwa jiwe hata likanyoka, lakini alipopanda tena likavutwa mshazari kama mwanzo. Jua likapanda. Akaanza kuisukuma baisikeli, na kila mara mkono wake ulikwenda kugusa sanduku, kama kwamba aweza kuijua baridi ya ndani kwa kugusa nje.

2. Mzee wa Mikungu ya Ndizi

Baada ya saa nzima alikutana na mzee mmoja akishuka kutoka juu, naye alikuwa akiizuia baisikeli yake isiende mbio kwa uzito wa mikungu minne ya ndizi. Mzee akaegemeza baisikeli yake katika ukingo wa njia.

"Shikamoo, babu," akasema kijana.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona waisukuma, nawe u kijana?"

Kijana akamwonyesha gurudumu, kisha akamwonyesha chombo chake. Mzee akakipokea kwa heshima, akakikunjua chuma kimoja kimoja, akakikunja tena.

"Chombo hiki ni kizuri," akasema. "Chuma chake kigumu, na kazi yake safi. Lakini hakikutengenezwa kwa baisikeli hii. Hukuiuliza baisikeli yako kabla hujakinunua?"

"Niiulizeje, babu? Baisikeli haisemi."

"Husema kwa nati zake. Wewe hukuzitazama."

Mzee akafungua mfuko mdogo wa ngozi uliofungwa chini ya kiti chake. Akatoa spana fupi, pana kwenye ncha zote mbili kama mfupa wa paja, nayo ilikuwa na matundu ya vipimo mbalimbali katika kila ncha. Akachagua tundu moja, akalivika juu ya nati, likaingia bila kuchezacheza. Kwanza akailegeza kidogo na nati ya upande wa pili. Akaurudisha mnyororo juu ya meno yake. Akalivuta gurudumu nyuma, akalitazama kwa jicho moja mpaka tairi likawa katikati kabisa kati ya vyuma viwili. Ndipo akakaza nati ya upande wa mnyororo kidogo, kisha ya upande wa pili kidogo, akarudi tena ya kwanza, hata zote mbili zikakaza sawa. Mwisho akaubonyeza mnyororo katikati kwa kidole, apate kujua kama umekaza mno au umelegea mno. Kazi yote haikumaliza robo saa.

Kijana akatia mkono mfukoni atoe fedha. Mzee akakataa. "Nenda," akasema, "watoto wanangoja. Lakini ukirudi, itazame baisikeli yako."

Kijana alifika kijijini amechelewa kwa saa moja na nusu. Alipofungua sanduku alikuta barafu haijayeyuka yote, na kipimajoto kilichomo ndani kilionyesha kuwa chanjo zingali salama. Akamshukuru Mungu. Lakini wanawake wawili kati ya wale waliongoja walikuwa wamekwisha kuondoka. Mtoto akatumwa mbio kuwaita. Mmoja alirudi. Wa pili alikuwa amekwisha vuka bonde, na mwanawe hakuchanjwa siku ile. Alichanjwa mwezi uliofuata, siku nyingine ya kliniki. Kwa rehema mtoto hakuugua katika muda ule. Lakini yule mhudumu hakuisahau hesabu ile: nati moja iliyolegea na spana moja iliyokosekana zilimfanya mtoto mmoja akae mwezi mzima bila kinga.

3. Kwanza Iulize Baisikeli

Neno la mzee ndilo mwanzo wa somo hili. Watu wengi huchagua vyombo kwa kutazama vyombo. Hutazama ung'aavu wake, wingi wake, na bei yake. Mwenye akili huanza kwa kuitazama baisikeli.

Baisikeli za leo ni za koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza ni baisikeli nyeusi za barabarani. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baisikeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, na mnyororo uendeshao gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya tairi la mpira lenye upepo ndani. Tangu siku zile umbo la baisikeli hizi halikubadilika sana. Karibu viungo vyake vyote hushikwa kwa nati zenye pembe sita kwa nje. Gurudumu, kiti, kibebeo cha mizigo, vifuniko vya matope na breki, vyote vyataka spana.

Ukoo wa pili ni baisikeli mpya zenye gia nyingi na matairi mapana ya mlimani. Hizi viungo vyake vingi hushikwa kwa parafujo zenye tundu la pembe sita kichwani, nazo hufunguliwa kwa ufunguo uingiao ndani ya tundu lile. Vipimo vitumikavyo zaidi ni milimita 4, 5 na 6. Kwa baisikeli za namna hii, chombo cha kukunja kama kile cha mhudumu wa afya ni rafiki wa kweli.

Basi, mtu atakaye kuchagua vyombo na afanye hivi. Akae chini mbele ya baisikeli yake, na karatasi mkononi. Aanze gurudumu la mbele, afuate usukani, kiti, pedali, mnyororo, na gurudumu la nyuma. Katika kila nati na kila parafujo ajiulize: Hiki chafunguliwa na nini? Tena ni cha kipimo gani? Aandike jibu. Akimaliza, ile karatasi ndiyo itakayomwambia anunue nini. Mara nyingi ataona kuwa spana za vipimo vitatu au vinne zatosha kazi zote. Ataona pia kuwa vyombo vingi alivyoviona dukani havina kazi kwake.

Jambo moja zaidi na aliangalie. Ziko parafujo ndefu zipitazo ndani ya chuma, zenye kichwa upande huu na nati upande wa pili. Ukigeuza nati peke yake, kichwa nacho huzunguka, na kazi haiendi. Hapo vyombo viwili vyahitajika, kimoja cha kushika na kimoja cha kugeuza. Chombo kimoja cha kukunja hakiwezi kushika pande mbili kwa mara moja, hata kikiwa na vyuma ishirini. Kwa sababu hiyo, apendaye chombo cha kukunja na aongeze spana moja ndogo ya kupanuka kando yake.

4. Chuma Kizuri na Chuma Kibaya

Spana mbili zaweza kufanana kwa sura, nazo zikatofautiana kama mti mkavu na mti mbichi. Spana ya chuma laini hupanuka mdomo inapokutana na nati iliyokaza. Mdomo ukipanuka, huteleza, na kila uterezapo hula pembe za nati. Pembe za nati zikiisha, nati huwa mviringo, na hapo hata spana nzuri haina mahali pa kushika. Chombo kibaya basi si hasara ya fedha yake tu. Huiharibu na baisikeli.

Watu wa Kagera hawapaswi kuwa wageni katika jambo hili. Hapo Kemondo, katika njia hii hii ya kwenda Muleba, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma, zilizofanya kazi yapata miaka elfu mbili iliyopita. Mwamerika Peter Schmidt alifanya uchunguzi huo miaka mingi katika nchi ya Wahaya. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuru tena na kuyeyusha chuma mbele yake. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika gazeti la elimu liitwalo Science kuwa mafundi wale wa kale walipata chuma cha pua. Walieleza kuwa upepo wa mivukuto ulipita katika mabomba ya udongo yaliyoingia ndani ya tanuru, ukapata moto kabla ya kufika katika makaa, na hivyo joto likazidi sana.

Pua ni nini? Ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, ile kaboni iliyomo katika makaa. Chuma kisicho na kaboni ni laini, nacho hupinda upesi. Kaboni kiasi hukipa ugumu. Ikizidi mno hukifanya kivunjike kama chungu. Basi fundi wa tanuru na mnunuzi wa spana watafuta kitu kimoja, yaani chuma kigumu kisichopinda wala kuvunjika.

Mnunuzi hana tanuru, lakini ana macho na mikono. Na aende dukani na baisikeli yake, au achukue nati moja mkononi. Avike spana juu ya nati: ikichezacheza, aiache. Atazame mdomo wa spana: kama umekatwa vibaya, una mikwaruzo na ncha zisizolingana, fundi wake hakuwa mwangalifu hata katika ugumu wake. Kama ni chombo cha kukunja, aikunjue kila sehemu na kuisukuma kwa kidole gumba: ikilegea kabla ya kazi, itazidi kulegea katika kazi. Tena akumbuke urefu. Mkono mrefu wa spana huongeza nguvu, na mkono mfupi huipunguza. Chombo cha kukunja ni kifupi, hivyo hakifai kufungua nati iliyoshikwa na kutu. Kazi hiyo na ifanyike nyumbani kwa spana ndefu, kabla ya safari.

5. Mfuko Wenyewe

Kwa baisikeli nyeusi ya barabarani, mfuko wa safari waweza kuwa na vitu hivi:

Kwanza, spana ya matundu mengi, kama ile ya mzee, ambayo tundu lake moja lafaa nati za magurudumu.

Pili, spana ndogo ya kupanuka, ya kushikia upande wa pili.

Tatu, bisibisi moja, na vyuma viwili vyenye ncha butu vya kutolea tairi. Bisibisi isitumiwe kutolea tairi, maana ncha yake hutoboa mpira wa ndani, na mtu aliyekuwa na tundu moja huwa na matatu.

Nne, viraka, gundi ya viraka, na kipande cha msasa.

Tano, pampu, na kipande cha mpira mwembamba wa valvu. Baisikeli nyingi za namna hii zina valvu yenye kimpira kidogo ndani, nacho kikichakaa upepo hutoka wote. Mtu asiyejua atatafuta tundu katika mpira wa ndani kutwa nzima, na tundu halipo.

Sita, kiungo kimoja cha mnyororo chenye klipu, cha kipimo cha mnyororo wake.

Saba, ukanda mrefu uliokatwa katika mpira wa ndani uliokwisha kazi. Huu hufunga mzigo, hushika kifuniko cha matope kilichovunjika, na huzungushwa mahali palipopasuka.

Nane, kitambaa chenye mafuta kidogo. Nchi ya Bukoba hupata mvua nyingi, na chuma kilichofungiwa mfukoni na unyevu hushikwa na kutu. Chombo cha kukunja chataka mafuta kuliko vingine, maana kutu ikiingia katika maungio yake hakikunjuki tena.

Vitu hivi vyote havizidi uzito wa ndizi chache. Abebaye mikungu minne asilalamike juu yake.

Je, chombo kimoja chenye vyote ni bora kuliko vyombo vingi? Kila kimoja kina sifa yake. Chombo kimoja hakipotei kipande kipande, wala hakilii mfukoni, na mkono hukipata hata gizani. Lakini kikipotea, vyote vimepotea; na sehemu yake moja ikivunjika, ni taabu kuibadilisha. Vyombo mbalimbali vina nguvu zaidi na hubadilishwa kimoja kimoja, lakini vyataka mwenyewe awe na desturi ya kuvihesabu. Basi mwenye baisikeli ya gia na achague cha kukunja, na mwenye baisikeli nyeusi na achague spana. Na mtu aliye mvivu wa kuhesabu na ajirekebishe kabla ya kusafiri.

6. Jaribu Nyumbani

Chombo ambacho hakijajaribiwa bado si chombo, ni mzigo tu. Siku ya mapumziko, mwenye baisikeli na alitoe gurudumu la nyuma na kulirudisha kwa vyombo vya mfukoni peke yake, bila kuazima kingine. Akikwama, amekwama penye kivuli cha nyumba yake, wala hakuna hasara.

Kadhalika na ajifunze kuziba tundu. Kabla ya yote apapase ndani ya tairi kwa uangalifu, autoe mwiba au kijiwe kilichofanya tundu. Asipoutoa, kiraka kipya kitatobolewa mara moja. Autie upepo mpira wa ndani, auzamishe majini, na mahali patakapotoa mapovu ndipo palipo na tundu. Apakaushe kabisa. Apasugue kwa msasa, apake gundi nyembamba kupita upana wa kiraka, kisha angoje. Hapa ndipo wengi hukosea. Gundi ikiwa mbichi haishiki. Yafaa ingojewe dakika kadhaa hata ipoteze mng'ao wake. Ndipo kiraka hutiwa na kukandamizwa kwa nguvu. Wakati wa mvua kazi hii na ifanyike chini ya majani mapana ya mgomba au katika baraza ya mtu, maana tone moja la maji huharibu kazi yote.

Na kama viraka vimekwisha? Watu wa njia ndefu hujaza nyasi ndani ya tairi kwa kuzishindilia sana, kisha huenda polepole bila mzigo hata wafike. Njia hii haifai kwa safari nyingi, lakini yafaa kuliko kulala njiani.

Yule mhudumu wa afya alifanya kama alivyoambiwa. Aliitazama baisikeli yake, akaandika karatasi, akaenda sokoni na nati mkononi, akanunua spana iliyomfaa. Chombo chake cha kukunja hakukiuza. Siku moja alipopita Kemondo alimkuta mwanafunzi amesimama kando ya njia na baisikeli ya gia ambayo usukani wake ulikuwa unazunguka ovyo. Fundi mmoja mwenye spana nyingi alikuwa amekwisha kushindwa, maana parafujo ya usukani ilikuwa ya tundu la pembe sita. Mhudumu akatoa kile chombo king'aacho, akaunyosha usukani, akachagua ufunguo wa milimita 6, akakaza. Mwanafunzi akapanda akaenda zake shuleni.

Chombo kile hakikuwa kimebadilika tangu siku ile ya mlimani. Siku ile hakikufaa baisikeli iliyokuwapo. Siku hii kilifaa. Wahenga walisema, "Kinga ni bora kuliko tiba," nao wasafiri huukaza ukweli huo kila asubuhi pamoja na nati zao, kabla hawajaondoka nyumbani.

Maswali

1. Kwa nini mhudumu wa afya hakuweza kuikaza nati ya gurudumu, ingawa alikuwa na vyombo kumi na saba?

2. Chanjo nyingi za watoto zataka baridi ya nyuzi ngapi? Kuna hatari gani zikipata joto?

3. Elezeni kwa taratibu jinsi mzee alivyolirudisha gurudumu la nyuma mahali pake.

4. Mzee alisema kuwa baisikeli husema kwa nati zake. Maana yake ni nini?

5. Koo mbili za baisikeli zatofautianaje katika nati na parafujo zake?

6. Spana ya chuma laini huiharibuje baisikeli?

7. Pua ni nini? Ni habari gani ya chuma iliyopatikana Kemondo?

8. Kwa nini si vema kutumia bisibisi kutolea tairi?

Kazi ya nyumbani: Itazameni baisikeli ya nyumbani kwenu au ya jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Andikeni kila nati na parafujo mtakayoiona, na chombo kiifunguacho. Kisha mwulizeni mwenyewe afungue mfuko wake, mhesabu pamoja naye vyombo vilivyopungua.